Gunia Lililomnyima Baba Pumzi

Baba alianza kujitengea kikombe mwezi wa pili mwaka wa 1987, na hapo ndipo nilipojua kwamba yeye mwenyewe anaogopa.

Kilikuwa kikombe cha bati, cha buluu, rangi imebanduka ukingoni. Alikiosha mwenyewe na kukitundika kwenye msumari wake karibu na mlango. Siku Kiema, ndugu yangu wa miaka minne, alipokishika, Baba alimkemea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake. Kiema akalia. Baba akatoka, akaenda kusimama nyuma ya choo, na sisi tuliobaki jikoni tukamsikia akikohoa. Alikohoa mpaka Mama akaacha kukoroga sufuria. Mwiko ulisimama hewani, uji ukidondoka.

Hapa Tawa hakuna mtu anayetaja jina la ugonjwa ule. Watu husema tu “kifua.” Fulani ana kifua. Ndugu mkubwa wa Baba alikuwa na kifua, na mwaka wa 1971 wakamrudisha kutoka hospitali akiwa ndani ya blanketi. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini hadithi hiyo naijua kama nilikuwepo. Kila Baba alipokohoa niliona blanketi.

Anaitwa Mulei. Alizaliwa upande wa Mukuyuni, akasoma hadi darasa la nne, kisha akatoroka kwenda Nairobi kupakia mizigo kwenye treni. Huko, kwenye ukumbi fulani wa wafanyakazi, akajifunza ndondi. Alipigana mara kumi na moja, akashinda saba, na katika zile nne zingine pua yake ikapinda kuelekea sikio la kushoto. Alirudi nyumbani na pua hiyo, glavu jozi mbili, na tabia ya kuruka kamba kila asubuhi hata mvua ikinyesha. Akamwoa Mama, mchuuzi wa ndengu na mbaazi sokoni. Mchana alimbebea magunia. Jioni alifundisha vijana.

Walimwita Mwalimu, mtu wa darasa la nne! Walimu wetu wa shule hawakufurahi. Lakini vijana walikuwa na sababu. Kila mwaka maafisa wa kuandikisha askari walipokuja uwanjani, walipima vifua kwa utepe, na wavulana wa Baba ndio waliochaguliwa. “Kifua ndicho barua yako ya kuomba kazi,” aliwaambia. “Mimi nakufundisha kuiandika.”

Jim yenyewe ilikuwa stoo ya zamani ya kanisa. Ilijengwa kwa matofali ya kuchoma na mabati, chumba kimoja, madirisha mawili ya mbao. Vyuma vya kunyanyua alivitengeneza mwenyewe: madebe ya rangi yaliyojazwa saruji, yakaunganishwa na kipande cha bomba la maji. Katikati, kwenye boriti, lilining'inia gunia la kupiga.

Wazee wa kanisa walimpa ile stoo kwa masharti. Asifundishe Jumapili. Asiruhusu kamari. Na sharti la tatu lilihusu madirisha, kwa sababu njia ya akina mama wa ushirika ilipita hapo hapo nje.

“Hatuwezi kuwa na wanaume nusu uchi wakitoa jasho mbele ya mama zetu wakienda maombini,” alisema mzee Nzioka, ambaye ndiye aliyeshika funguo za mali yote ya kanisa. Akaja mwenyewe na nyundo na misumari ya inchi sita, akayafunga madirisha yote mawili. Mlangoni akataka pazia la gunia. Baba alicheka tu. Alisema mzee akipiga injili vile anapiga misumari, Tawa nzima itaokoka.

Basi wakawa wanafanya mazoezi gizani, na taa mbili za mafuta. Wanawake na wasichana hatukuruhusiwa hata kukaribia. Lakini msumari mmoja wa mzee Nzioka ulikuwa umepasua ubao, na ufa ule ulikuwa kimo cha jicho langu kabisa. Sisemi nilienda mara ngapi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekuja mwezi wa kumi na mbili, mwaka uliotangulia kile kikombe, na ulikuwa na ratiba kama basi. Baba alikuwa jim kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili. Akirudi alikuwa mzima, labda kachoka. Ikifika saa mbili anaanza kusugua mikono. Halafu meno yanagongana. Halafu blanketi, blanketi lingine, koti la Mama juu yake, na bado kitanda kinatetemeka mpaka kinaparuza ukuta. Kifua kilimbana hata akawa anaongea maneno matatu, anapumzika, mengine matatu. Asubuhi homa imeisha. Kikohozi kimebaki.

Alimeza dawa za malaria mara tatu, hazikusaidia. Akaenda zahanati akapimwa makohozi, mara mbili.

“Hatuoni wadudu wa kifua,” daktari wa zahanati akamwambia. “Lakini nenda hospitali kubwa upigwe picha.”

Mama Mbinya, jirani yetu, aliposikia alikuja hadi mlango wa jikoni na sinia ya viazi, maana hakuna siku aliyokuja bila kitu mkononi cha kumpa ruhusa ya kukaa.

“Hawakuona, lakini hawakusema hakuna,” akamwambia Mama.

“Mama Mbinya, kaa chini kama unakaa.”

“Nakaa. Na yule kijana wa jim, Mutie? Naye anakohoa. Mama yake amemkataza kurudi. Wengine wanne pia wametolewa. Kavata, mimi ni mtu wa kanisa, unanijua. Lakini hapo kuna mkono wa mtu.”

“Mkono wa nani?”

“Sijui! Ningejua ningekuwa nimekuambia.” Akainama, akashusha sauti, lakini sauti ya Mama Mbinya haishuki vizuri. “Watoto wasinywee kikombe chake.”

Mimi nilitazama kikombe kwenye msumari.

Shuleni nikawa sisikii mwalimu. Nilikuwa kidato cha pili, na jioni nilikimbia nyumbani kabla ya wenzangu, nikifika kwenye kona ya ua wetu nasimama kwanza kusikiliza. Nikisikia kikohozi naogopa. Nisiposikia kitu naogopa zaidi.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu shangazi yake Baba akafa huko Kitui, naye akasema lazima aende kuzika. Mama alimsihi. “Utafia njiani, na mimi nitazika nani kwanza?” Akaenda hivyo hivyo, akiwa amejifunga shuka shingoni, akisimama kila baada ya miti mitatu kuvuta pumzi. Siku tisa. Kila gari lililotoka upande wa mto Athi nilitazama kama limebeba mtu amelala.

Siku ya kumi akashuka stendi akitembea, kuku chini ya kwapa, akipiga mluzi. Nilidhani macho yangu yamekosea. Alimbeba Kiema begani, kitu ambacho hakufanya tangu Krismasi.

“Hewa ya Kitui,” Mama akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Kesho yake Baba akafungua jim. Vijana wawili tu walikuja, Mutie akiwa mmojawapo, amemtoroka mama yake. Na saa mbili usiku, ile homa ikarudi, mbaya kuliko zote. Midomo yake ikawa rangi ya majivu. Alikaa wima kitandani, mikono ameshika magoti, mabega yakipanda na kushuka, na hewa ikiingia ndani yake kwa filimbi nyembamba kama mlango unaohitaji mafuta. Alinitazama. Hakuweza kusema jina langu, “Mutindi.” Alisema “Mu,” akavuta pumzi, akaniashiria nimtoe Kiema chumbani.

Sikulala. Siogopi kuandika hivyo. Nilihesabu pumzi zake kupitia ukuta, na kati ya moja na nyingine nilikuwa naahidi Mungu vitu ambavyo sina.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa anapepeta ndengu uani, mikono ikienda bila yeye. Nikachuchumaa karibu naye.

“Mama, Baba hakukohoa kule Kitui.”

“Nani amekuambia?”

“Yeye. Anasema tangu siku ya tatu alilala kama mtoto. Na Jumapili pia homa haimshiki. Nimeangalia.”

Ungo ukasimama. “Jumapili haendi kule.”

“Ndio.”

“Na Kitui hakuwa kule.” Akanitazama. “Kule kuna nini?”

“Giza. Na vumbi. Wakipiga lile gunia, kila ngumi linatoa vumbi kama moshi. Linabaki tu hapo juu. Halina pa kwenda.”

“Wewe umeona wapi?”

Nikatazama ungo. Kuku akapita.

“Nitakuchapa baadaye,” Mama akasema. “Vumbi la rangi gani?”

“Kama jivu. Jeupe-jeupe. Chini ya taa linaonekana.”

“Lile gunia alijaza nini?”

“Maganda ya mbaazi. Yale yetu, ya mwezi wa nane. Tulimsaidia kuyashindilia.”

Nikaona uso wake unatembea kutoka mwezi wa nane kwenda mbele: mavuno, kupura, maganda makavu ambayo Baba alifurahi kuyapata bure. Halafu mwezi wa kumi na moja, mvua. Mabati ya stoo yalivuja, wote tulijua, Baba alikuwa anasema atatia lami na hakutia.

Jioni ile, saa kumi na nusu, Baba akiwa amerudi jim na vijana wake wawili, Mama alijifunga leso kiunoni, akachukua sindano yake ya kushonea magunia na kisu kidogo, akaenda. Mimi nyuma yake. Hakupiga hodi. Alisukuma pazia akaingia.

Mutie, kifua wazi, alirukia shati lake akavaa nyuma mbele. Mwenzake akajificha nyuma ya madebe ya saruji kana kwamba debe la lita nne linaweza kumficha mtu.

“Mama Mutindi!” Baba akasema, akihema. “Hapa ni kwa wanaume.”

“Sikuja kuangalia wanaume. Nimekuja kuangalia gunia.”

Kama hujawahi kuona wachuuzi wa nafaka, basi ujue hivi. Mnunuzi haamini mbaazi zilizo juu ya gunia. Juu kila mtu anapanga vizuri. Yeye hukunja mkono wa nguo na kuingiza mkono mzima, mpaka kwapani, anapapasa katikati. Moyo wa gunia ukiwa baridi, mzigo ni mzuri. Ukiwa na joto, ndani kunaoza, hata kama juu kunang'aa. Mama amefanya hivyo tangu akiwa msichana wa umri wangu.

Akakata mshono kwa kisu. Akavuta mdomo wa gunia. Akaingiza mkono: kiganja, kiwiko, bega. Shavu lake likagusa gunia kama anasikiliza. Hata Mutie akazuia kikohozi chake.

“Lina joto,” Mama akasema.

Akautoa. Mkono ulikuwa umepakwa unga, wa kijivu, mpaka kwapani, na harufu ikatoka nao, ile ya ghala lililofungwa mwaka mzima, harufu ya kitu kilicholowa kikakauka kikalowa tena. Ukungu. Baba alianza kukohoa papo hapo, akashika boriti.

“Ungeniletea hili sokoni ningekufukuza na kiboko,” Mama akamwambia. “Mbuzi hawezi kula hii. Na wewe unaikung'uta na kuivuta, kila siku, na madirisha yamefungwa! Tokeni nje. Wote. Tokeni!”

Nje, Baba alikaa kwenye jiwe. Alikuwa mtu wa kupanda ulingoni mara kumi na moja, lakini sijawahi kumwona amepigwa vile.

“Kwa hivyo ni mimi,” akasema. “Hata Mutie, ni mimi.”

Mama Mbinya alikuwa amesema kuna mkono wa mtu, na kweli ulikuwepo. Ulikuwa wa Baba, ukishindilia maganda.

Hatukuwa na kitu cha kununulia chochote, kwa hivyo tulifanya kwa vilivyokuwepo. Mama na mimi tulifunga leso zilizoloweshwa maji puani na mdomoni. Tulilimwagilia lile gunia maji kwanza, lisifuke, tukaliburuta mpaka shimoni na kulifukia, maana Mama alisema moshi wake pia asingeuamini. Kuta tulizisugua kwa maji na kuzipaka chokaa iliyobaki ya kanisa. Sakafu tukaacha kufagia kavu. Tulinyunyiza pumba za mbao zilizoloweshwa, za bure kwa seremala, ndipo ufagio ukapita. Mutie akapanda kutia lami kwenye mabati. Kujazia gunia jipya tulitafuta nguo kuukuu nyumba kwa nyumba, tukazifua, tukazianika kwenye ua wa miba siku tatu za jua kali.

Yakabaki madirisha. Na hapo niliogopa kwa namna nyingine, kwa sababu mzee Nzioka angeweza kuchukua funguo zake na Baba abaki bila jim. Alikuja, akatazama kuta nyeupe, akatazama misumari yake.

“Sharti ni sharti, mama.”

“Sijakuomba ung'oe misumari, mzee wangu,” Mama akasema, macho chini kwa heshima, lakini mimi nilimjua. “Naomba matofali. Upande huu upepo unakotoka, nitoe saba chini kabisa. Upande ule, saba juu, chini ya mabati. Ghala langu liko hivyo. Hewa inaingia chini, inapata joto, inatokea juu, na mbaazi zinakaa mwaka mzima. Mume wangu si zaidi ya mbaazi?”

Mzee akafikiri, akiuma meno. “Na hapo chini mtu akipita ataona nini?”

“Vidole vya miguu.”

“Vidole.”

“Ukisikia mama wa ushirika ameanguka dhambini kwa sababu ya kidole gumba cha Mutie, niite mimi, nitaziba mwenyewe.”

Mutie akatazama miguu yake. Mzee Nzioka akageuka upande akakohoa, lakini kilikuwa kicheko, nilikiona mgongoni.

“Misumari ibaki,” akasema, na akaenda.

Tulitoa matofali, tukaweka wavu wa waya kwa sababu ya nyoka. Nikawasha kijiti, nikakizima, nikakishika karibu na matundu ya chini kikifuka. Moshi uliinama ukaingia ndani kama umeitwa, ukapanda, ukatokea ng'ambo juu. Nilirudia mara tano. Darasani nilikuwa nimekariri kwamba hewa yenye joto hupanda. Sikujua inaweza kuonekana ikienda.

Mwezi ule Baba alipumzika. Alipigwa picha ya kifua, na daktari wa hospitali kubwa akamwambia hana ule ugonjwa tunaouogopa, ila mapafu yake yamechubuka kwa vumbi la ukungu. Halafu akasema jambo ambalo Mama alinisimulia neno kwa neno: “Ukiingia tena mle na homa ikarudi, hata mara moja, achana na kazi hiyo kabisa. Mwaka mwingine kama huu, hutaweza kupanda ngazi ya gari.”

Akarudi jim siku ya Jumatano. Nilimwona akiingia. Nilibaki nje kwenye njia ya akina mama, nikasikia ngumi zikigonga gunia jipya, sauti nzito, ya nguo, na kila moja nikawa naifuata kwa sikio mpaka mwisho nikitafuta kikohozi nyuma yake. Vijana sita walikuja. Saa kumi na mbili wakatoka.

Lakini saa kumi na mbili haikuwa kitu. Saa yetu ilikuwa saa mbili.

Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Mama aliweka ndengu mbele yake kwenye mwanga wa taa na kujifanya anachagua mawe. Aliokota jiwe lile lile mara tatu. Redio ya jirani ikatoa mlio wa saa. Baba alikuwa ameegemea ukuta, mikono mapajani. Sikuiondolea macho mikono ile. Dakika zikapita. Nikaanza kuomba kimya kimya, ombi fupi, neno moja tu, la, la, la.

Mkono wa kulia ukapanda. Ukasugua wa kushoto.

“Kuna baridi,” Baba akasema.

Ndengu zikamwagika. Mama alikuwa ameshafika kwake, nyuma ya kiganja chake kwenye paji la uso, kisha shingoni, kisha kifuani ndani ya shati. Mimi nilibaki nimekaa. Nilitazama mdomo wa Mama, kwa sababu kitu chochote ambacho kingetokea sasa kingetoka pale.

“Huna moto,” akasema. Akagusa tena. “Mulei, huna moto.”

“Nimesema nina homa? Nimesema kuna baridi.” Akavuta pumzi moja ndefu ili aweze kusema vizuri, na pumzi ikaingia yote, bila filimbi. “Kiema ameacha mlango wazi.”

Tukageuka. Kiema alikuwa amesimama kizingitini na kipande cha mkate wa ngano, anatutazama, na nyuma yake upepo wa milimani ulikuwa unaingia moja kwa moja. Niliinuka kwenda kufunga.

“Acha,” Baba akasema. “Acha uvume.”

Tukakaa hivyo wote wanne, tukitetemeka, mpaka saa tatu.